Mtoto Atunge Alichokiona: Rai Juu ya Kufundisha Ushairi Katika Shule za Msingi



Baadhi yenu, kabla mafunzo yenu hayajakwisha, mtapelekwa katika shule za bonde la Kilombero kufanya mazoezi ya kufundisha. Huko mtatakiwa kufundisha, pamoja na mambo mengine ya Kiswahili, ushairi. Katika makala haya nataka kutoa rai yangu juu ya somo hilo, nayo ni hii: wengi wetu hatuwafundishi watoto kutunga mashairi, bali twawafundisha kuyatambua mashairi ya watu wazima na kuyaghani mbele ya wageni. Nasema "wengi wetu" kwa kuwa nami nimo, tena kwa muda mrefu nilikuwa katika safu ya mbele.

Kivukoni nitakayoitaja humu si ile ya Dar es Salaam, penye chuo kilichofunguliwa mwaka 1961 na ambacho wengi wenu mmesoma habari zake. Ni Kivukoni ya Mto Kilombero, mahali ambapo barabara itokayo Ifakara kwenda Lupiro na Mahenge hukutana na maji. Kabla ya kujengwa daraja, lile lililozinduliwa mwaka 2018 na kupewa jina la Rais Magufuli, watu na magari walivushwa kwa pantoni, na wenye haraka walipanda mitumbwi ya wavuvi. Malori yalipanga foleni, wauza samaki wakapita kati yake, na mtoto wa shule aliyetumwa ng'ambo aliweza kukaa hapo nusu siku akitazama mto. Mtoto wa namna hiyo ana mengi kichwani. Anajua jinsi upondo unavyozama katika tope na jinsi unavyogoma kutoka. Anajua kambare anavyoteleza mkononi na kitoga anavyochoma. Anajua sauti ya maji usiku wakati wa masika, mto unapotoka mahali pake na kutembea mbugani. Kisha anaingia darasani, mwalimu anamwambia: "Tungeni shairi juu ya umuhimu wa elimu."

Nitaeleza kisa kilichonitokea mwaka 2008, nikifundisha Darasa la Tano katika shule moja ya bondeni ambayo sitaitaja. Tulikuwa tumearifiwa kwamba tutapata mgeni kutoka mbali, na mwalimu mkuu akanipa kazi ya kuandaa mashairi. Nikawaambia watoto watunge, kila mmoja, beti mbili juu ya kilimo. Nilikusudia kuchagua zilizo bora.

Katika darasa lile alikuwamo mvulana mmoja ambaye kwa majuma mengi hakuonekana shuleni. Wazazi wake, kama ilivyo desturi ya wakulima wengi wa bonde lile, walihamia shambani wakati wa msimu, wakajenga kibanda pembeni mwa mpunga wakae humo hata mavuno. Mpunga unapoanza kutia maziwa, kweleakwelea hushuka kwa makundi kama wingu, na kazi ya kuwaamia huwa ya watoto. Mvulana yule alikaa juu ya dungu kuanzia alfajiri mpaka jua linapozama, akipiga debe na kurusha udongo kwa teo. Aliporudi shuleni aliitwa mtoro, akaadhibiwa kama watoro wengine. Darasani hakusema neno. Nilimhesabu miongoni mwa wale ambao mwalimu huwapa moyo kwa mdomo huku akilini amekwisha waacha.

Siku ile aliniletea mistari hii. Naiandika kwa kumbukumbu, na huenda nimekosea neno moja au mawili:

Ndege wanakuja asubuhi.
Mimi nina debe, wao wana mabawa.
Nikipiga debe wanakwenda kwa jirani.
Jirani akipiga debe wanarudi kwangu.
Mpunga wanakula wao,
viboko ninakula mimi.

Niliusoma ule mstari wa mwisho nikacheka. Nilidhani amekusudia viboko wa mtoni, ambao nao huingia katika mpunga usiku na kuuharibu. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: "Viboko hawaliwi! Tena hakuna vina wala mizani." Kisha, kwa kuwa niliona mambo ya ndege na debe yangeweza kumpendeza mgeni, nikamwita mezani nikamtengenezea shairi lake. Lilianza hivi:

Kilimo ndicho uhai, twendeni tukalimeni,
Taifa halikatai, majembe tuyashikeni.

Hesabuni mizani: nane na nane, kumi na sita kila mshororo. Tazameni vina: vya kati vinakubaliana, vya mwisho vinakubaliana. Mkaguzi asingepata la kusema. Lakini mniulize maana ya "Taifa halikatai" nami nitawajibu kwamba hadi leo sijui ni kitu gani ambacho taifa halikikatai. Neno lile lilitiwa pale kwa sababu linaishia kwa sauti niliyoihitaji, basi. Mvulana alilikariri, akaligani vizuri. Mgeni alikuwa amechelewa kwenye pantoni, akakaa nasi muda mfupi, akapiga makofi, akaondoka.

Ilipita miezi kadhaa ndipo nilipokuwa nimelala usiku mmoja na mistari ile ikanirudia, nikaelewa ni viboko gani alivyokuwa akivila. Nilikuwa nimeshika mkononi malalamiko ya mtoto juu ya jambo ambalo shule yetu ilimtendea, yaliyosemwa kwa ufasaha ambao mimi mwenyewe sikuwa nao, nikayasahihisha. Mvulana yule hakuniandikia tena kitu cha nafsi yake. Alipoambiwa atunge, aliuliza: "Mwalimu, unataka niandike nini?" Swali hilo mtalisikia mara nyingi katika kazi yenu. Mkilisikia kutoka kwa mtoto wa Darasa la Tano, jueni kwamba yuko mtu aliyemfunza kuliuliza.

Desturi hii ya kumtungia mtoto haikuanza na mimi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alitoa mwaka 1954 kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, nacho kikawapa walimu mahali pa kushika: mizani ni hivi, vina ni hivi, kituo ni hivi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 washairi waliombwa wasaidie kuieneza siasa ya nchi kwa wananchi, na ndipo ngonjera zilipoenea mashuleni. Vitabu viwili vya Mathias Mnyampala vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, yeye mwenyewe akiwa amekwisha fariki mwaka 1969. Sitaki mtu adhani ninazibeza. Ngonjera ziliwatoa maelfu ya watoto wa vijijini mbele ya watu, zikawafunza kusimama wima na kutoa sauti. Si jambo dogo hilo, hasa kwa wasichana. Kadhalika Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, si mtu wa pwani, na mtoto wa Kindamba au wa Kipogoro anayedhani kwamba ushairi wa Kiswahili ni mali ya Mombasa na Unguja yafaa aambiwe hivyo.

Lakini ngonjera ilipokuwa chombo cha kupokelea wageni, ilibadilika. Mwalimu huitunga usiku kwa taa, watoto huikariri kwa siku tatu, na siku ya sherehe huitoa kwa ishara za mikono zilezile ambazo dada zao walizitumia. Mtoto hujifunza kwamba shairi ni maneno ya kumsifu mtu aliyeketi kwenye kiti chenye kitambaa.

Mtihani nao umetusaidia kukaa pale pale. Katika mtihani wa Kiswahili wa kumaliza elimu ya msingi limekuwamo shairi, na mtoto ameulizwa vina vyake, mizani yake, na maana ya maneno fulani, naye huchagua herufi ya jibu. Basi mwalimu mwenye kutaka watoto wake wafaulu hufundisha kuhesabu. Sina ugomvi na kuhesabu. Ila mtoto aweza kupata maswali yote ya ushairi bila kuwahi katika maisha yake kutunga hata mstari mmoja, kama vile mtu aweza kutaja sehemu zote za mtumbwi na asiwahi kuvuka mto.

Sasa, mtu atauliza: je, unataka tutupe vina na mizani? Ubishi huo ni wa zamani, nami sitaufufua humu. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alichapisha Kichomi mwaka 1974, mashairi yake yakiwa hayafuati vina, na wazee wakakasirika. Miaka mitano kabla yake Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Shakespeare, bila vina, na ushairi haukufa. Mambo hayo ni ya watu wazima, nao wayamalize. Swali la mwalimu wa shule ya msingi ni jingine kabisa: kipi kitangulie? Kwa maoni yangu kitangulie kitu chenyewe, yaani jambo ambalo mtoto ameliona, amelisikia au limempata. Mizani ifuate, tena iingie kwa sikio kabla ya kuingia kwa vidole. Vina vije mwisho, na vije taratibu kama mgeni asiyejulikana tabia.

Nieleze nifanyavyo siku hizi, si kwa kuwa ndiyo njia pekee, bali kwa kuwa nimeijaribu katika madarasa yenye watoto wengi na karatasi chache.

Juma la kwanza hatuandiki. Kila asubuhi nawauliza watoto watano swali moja: ulipokuwa ukija shuleni uliona nini ambacho jana hakikuwapo? Majibu ya kwanza huwa hafifu. "Niliona watu." Watu gani? "Waliobeba vitu." Vitu gani, na wamevibeba vipi? Hapo ndipo mtoto huinua macho na kuanza kukumbuka, kisha husema kwamba alimwona bibi amebeba kuku ndani ya kikapu, na kuku ametoa kichwa nje akitazama nyuma. Haya basi, kuku atazamaye nyuma. Naliandika ubaoni kama alivyolisema, bila kupunguza wala kuongeza. Kwa watoto wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza maneno yao wenyewe kuandikwa kwa chaki, na kimya kinachofuata darasani ni cha thamani.

Katika juma hilo napiga marufuku maneno kadhaa: maendeleo, taifa, umuhimu, ufunguo wa maisha. Watoto hucheka. Walimu wenzangu hawakucheka, na mmoja aliniambia kwamba nafundisha watoto dharau. Nilimjibu kwamba maneno hayo ni mazuri na nitayarudisha, ila kwanza nataka watoto waone jinsi wanavyoweza kusema mambo mengi bila hayo.

Juma la pili naleta kinu na mchi. Hiki ni kifaa cha kufundishia ambacho hakinunuliwi, na katika bonde la mpunga hakuna nyumba isiyokijua. Nawaita watoto wawili watwange kwa kupokezana, kama wafanyavyo nyumbani: huyu anapiga, yule anapiga. Darasa zima linasema sentensi ya jana huku kila silabi ikikaa juu ya pigo moja. Baadhi ya sentensi zinakaa, nyingine zinaanguka. "Kuku yumo kikapuni" ina mapigo manane, nayo inakaa sawa na mchi. Nawauliza watoto: tukitaka kusema kwamba anatazama nyuma, na michi isigongane, tutasemaje? Wanajaribu, wanakosea, wanajaribu tena. Mtoto mmoja anasema, "Anatazama alikotoka," darasa linatwanga, michi inagongana, kwani mapigo yamezidi mawili. Mwingine anasema, "Atazama alitoka." Yanatimia manane, lakini wenzake wanakataa wenyewe kwamba hivyo hatusemi. Hatimaye msichana wa nyuma anasema, "Macho yapo alikotoka," anahesabu, anapunguza: "Macho yako atokako." Manane. Hapo sijatamka neno mizani. Nitakapolitamka, juma la tatu, watakuwa wanalo tayari kitu ambacho neno hilo linakiita.

Mtaona kwamba naanza na mapigo manane, yaani kipande cha utenzi, wala sianzi na mshororo wa mizani kumi na sita. Mshororo mrefu ni mzigo mkubwa kwa mtoto. Akifika katikati amekwisha sahau alichotaka kusema, basi huokota neno lolote limfikishe mwisho. Kipande kifupi hakimpi nafasi ya kupotea.

Juu ya vina nina jambo ambalo nalitilia mkazo. Mshairi mmoja wa Marekani, Kenneth Koch, alianza mwaka 1968 kufundisha watoto wa shule moja ya msingi mjini New York kutunga mashairi. Aliwapa kianzio kimoja, kwa mfano kila mstari uanze na maneno "Natamani", akawaachia wengine. Vina aliviweka kando, kwa kuona kwamba mtoto akivitafuta hupoteza alichotaka kusema. Nilipoisoma habari yake niliona kwamba sisi hatuwezi kuiiga ilivyo. Kiingereza ni lugha ngumu ya vina. Mtoto hutoka jasho kuvipata. Kiswahili maneno yake huishia kwa irabu, na vitenzi vyetu hufanana miisho, hivyo vina ni rahisi mno kwetu. Mtoto husema "tukalimeni, tukasomeni, tukafanyeni" hadi jioni bila kuchoka. Kwetu hatari ni kwamba vina vinapatikana bure, na kitu cha bure hakichaguliwi. Kwa hiyo silivunji zoezi la vina, ila naliwekea sharti: watoto wanapotafuta maneno yenye mwisho mmoja, kila neno liwe jina la kitu ambacho mtu aweza kukigusa. Dungu, chungu, nungu, mzungu, ukungu. Ukungu tulibishana kama unaguswa. Tukatoka nje asubuhi kuujaribu.

Kwa njia hiyo darasa jingine, miaka mingi baada ya yule mvulana, lilitunga kwa pamoja utenzi juu ya kuamia ndege. Sikutoa neno hata moja. Kazi yangu ilikuwa kuuliza maswali na kushika chaki. Hizi ni beti mbili za mwanzo:

Nimeketi kwenye dungu,
Debe mkononi mwangu,
Nalinda mpunga wangu,
Ndege hawana huruma.

Nikilipiga huruka,
Kwa jirani wakashuka,
Jirani akiamka,
Kwangu hurejea nyuma.

Mizani imetimia, vina vimetimia, na ndege wanarukaruka humo kama wafanyavyo kweli. Nauonyesha kwa walimu wanaodai kwamba mtoto akiachwa aseme lake hatajifunza kanuni. Lakini nikiulizwa ipi kati ya tungo mbili ni bora, hii au ile ya mvulana wa mwaka 2008, nitasema ya mvulana, pamoja na makosa yake yote ya kanuni, kwa sababu ya vile viboko.

Yako matatizo ambayo siwezi kuyaficha. La kwanza ni wingi wa watoto. Darasa la watoto tisini halisahihishiki kwa siku moja, nami nawashauri msijaribu. Someni tungo tano kwa siku, mzisome vizuri, na mwandike chini ya kila moja swali badala ya alama: "Debe lilikuwa la rangi gani?" "Jirani alisema nini?" Mtoto akijibu swali, shairi limekua. Penye uhaba wa daftari, watoto wawili watunge pamoja, au waandike kwa kijiti mchangani, nanyi mpite mkisoma kabla upepo haujapita.

La pili ni lugha. Kiswahili ndiyo lugha yetu ya kufundishia, na sharti kibaki hivyo. Hata hivyo bonde lile lina Wandamba, Wapogoro, Wambunga, Wabena, Wangindo, Wahehe, na siku hizi Wasukuma wengi, na mtoto anapoanza shule masikio yake yamekwisha jaa nyimbo za bembelezi na za kutwanga katika lugha ya mama. Mwambieni aiimbe darasani. Halafu aeleze kwa Kiswahili inasema nini, na darasa litafute namna ya kuisema kwa Kiswahili bila kuupoteza mdundo wake. Nimeona watoto waliokuwa wazito wa Kiswahili wakichangamka siku hiyo kwa kuwa, kwa mara ya kwanza, walikuja na kitu ambacho mwalimu hakuwa nacho.

La tatu ni zito zaidi, nalo halimo katika vitabu vya ualimu nilivyofundishiwa. Mkimruhusu mtoto atunge alichokiona, atatunga alichokiona. Mwezi wa Januari 2016 kivuko kilipinduka katika Mto Kilombero. Na hata bila ajali kubwa, mto ule una mitumbwi inayozama na mamba wanaokamata watu, na katika madarasa ya kando yake wamo watoto waliofiwa. Mtoto aweza kukuletea mistari juu ya nguo ya kaka yake iliyobaki kwenye kamba. Aweza pia kukuletea jambo la nyumbani ambalo hukupaswa kulijua, au jambo lako wewe mwenyewe na fimbo yako. Usiisome tungo ya namna hiyo mbele ya darasa kabla ya kumwuliza mwenyewe. Usiisahihishe siku hiyo. Mwite pembeni, umwambie umeisoma, ukae naye kidogo. Ikiwa ndani yake mna hatari kwa mtoto, hilo si jambo la ushairi tena. Mwarifu mwalimu mkuu upesi. Mwalimu asiyeweza kuvumilia kusoma mambo hayo afadhali aendelee na umuhimu wa elimu, asimfungue mtoto kisha akamwacha wazi.

Ngonjera nazo siziachi. Nimepata kuzitumia kwa kazi ambayo naamini ndiyo asili yake, yaani kubishana. Bonde lile limekuwa na ugomvi wa ardhi kati ya wakulima na wafugaji; mwishoni mwa mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo, na maneno machungu yaliyosemwa nyakati hizo watoto waliyasikia nyumbani. Watoto wa pande zote mbili huketi dawati moja. Niliwapa kazi ya kutunga ngonjera ya mkulima na mfugaji, kwa sharti moja: mtoto wa mkulima aseme upande wa mfugaji, na wa mfugaji aseme upande wa mkulima. Siku mbili za mwanzo walitukanana tu, kila mmoja akimsemea mwenzake upumbavu. Siku ya tatu mtoto mmoja wa mkulima alimwendea jirani yake akamwuliza ng'ombe wao wanaitwa majina gani. Hakuwa anajua kwamba ng'ombe huitwa majina. Ubeti alioutunga baada ya hapo ulikuwa na majina manne ya ng'ombe na mto uliokauka, na darasa lilipousikia halikucheka. Sikuupeleka mbele ya mgeni yeyote. Walimu wanafunzi watakaotaka kulijaribu zoezi hili wachague wakati ambapo kijiji kimetulia, na wazungumze kwanza na mwalimu mkuu pamoja na wazazi.

Neno la mwisho ni la kalenda. Maazimio ya kazi ambayo mtakabidhiwa huenda yameweka ushairi katika majuma ambayo nusu ya darasa iko juu ya madungu. Mkiweza, usogezeni hadi baada ya mavuno. Watoto wanaporudi kutoka shambani, kabla ya kuwauliza walikuwa wapi, waulizeni waliona nini.

Daftari la yule mvulana sinalo. Nilipokwenda kulitafuta lilikuwa limekwisha kuuzwa pamoja na mengine kwa mwanamke afungashaye karanga. Beti nilizomtungia mimi zipo, zimepigwa chapa vizuri, katika faili la sherehe za shule.